Sosi ya krimu ya saladi: jinsi ya kuitengeneza isikatike

Sosi nyingi za krimu huharibika ndani ya dakika mbili za kwanza, pale mafuta yanapoanza kuingia kwenye kiini cha yai. Hapo ndipo pa kukaza macho. Ukishavuka, kazi iliyobaki ni kuonja na kurekebisha tu.

Mahitaji (hutoa kama mililita 350)

- Kiini cha yai 1
- Haradali ya kupaka, kijiko 1 cha chai
- Siki nyeupe, kijiko 1 cha chakula
- Maji ya ndimu, kijiko 1 cha chakula
- Mafuta ya alizeti au mengine yasiyo na ladha kali, mililita 180
- Mtindi mzito usio na sukari, mililita 120
- Kitunguu saumu, punje 1
- Chumvi, robo tatu ya kijiko cha chai
- Sukari, nusu kijiko cha chai
- Pilipili manga, na majani ya kitunguu au giligilani yaliyokatwa, vijiko 2 vya chakula

Toa yai na mtindi kwenye friji nusu saa kabla. Kiini baridi hushikana na mafuta kwa taabu. Mtindi ukiwa mwepesi, uchuje kwenye kitambaa safi kwa saa mbili ndani ya friji, kisha upime zile mililita 120 baada ya kuchuja.

1. Anza na kitunguu saumu. Kiponde pamoja na chumvi mpaka kilainike kabisa, mimina maji ya ndimu juu yake, kiache dakika 10. Ukali wa saumu huzaliwa pale punje inapopondwa, na asidi ya ndimu huupunguza kasi. Ukikitia kibichi moja kwa moja, kesho yake sosi nzima itakuwa saumu tupu.

2. Andaa kiini. Kunja kitambaa kibichi kama kata, weka bakuli juu yake lisizunguke, maana mkono mmoja utapiga na mwingine utamimina. Tia kiini, haradali na siki, piga kwa mchapo (kifaa cha waya cha kupigia mayai) nusu dakika. Kiini kina lesithini, ambayo upande mmoja hushika maji na upande wa pili hushika mafuta. Haradali huisaidia kazi hiyo. Usiiache eti kwa sababu huipendi: kwa kiasi hiki ladha yake karibu haisikiki.

3. Tia mafuta tone kwa tone. Vijiko vitatu vya kwanza viingie kwa matone kweli, huku unapiga bila kusimama. Tazama bakuli: njano iliyokolea itaanza kupauka, mchapo utaacha michirizi isiyofunga mara moja, na mkono utahisi uzito. Ukiona hivyo, mafuta yameshika. Sasa unaweza kumimina kama uzi mwembamba. Ukiona mafuta yanaelea pembeni, acha kumimina, piga mpaka yapotee, kisha endelea. Ikiwa nzito mno kabla mafuta hayajaisha, tia kijiko kimoja cha chai cha maji.

Mafuta ya zeituni yasiyosafishwa yana tabia mbaya: yakipigwa kwa blenda, mara nyingi huwa machungu. Ukitaka ladha yake, badilisha vijiko viwili tu vya mafuta ya alizeti, uyakoroge kwa mkono mwishoni.

Ikikatika. Utaijua: inalegea ghafla, inakuwa na chembechembe, mafuta yanajitenga. Kuipiga kwa nguvu zaidi hakusaidii, na kuongeza mafuta ndiyo kuimaliza. Chukua bakuli safi, weka kiini kipya au kijiko 1 cha chakula cha haradali, kisha tia ile iliyokatika humo kidogo kidogo, kama vile ndiyo mafuta. Hurudi karibu kila mara. Kwa hiyo usiimwage.

4. Tia mtindi kwa kijiko. Zima mashine kama ulikuwa unaitumia. Mtindi ukisagwa hulegea, na uzito ule haurudi vizuri. Changanya taratibu pamoja na mchanganyiko wa saumu, sukari, pilipili manga na majani.

5. Iache friji dakika 30, kisha onja kwa jani. Ukionja kwa kijiko, itaonekana ina chumvi na uchachu kupita kiasi, utaanza kuipooza bure. Chovya jani la saladi lenyewe. Jani lina maji mengi, na hapo ndipo utajua kama inatosha. Ikiwa kali, ongeza sukari kidogo. Ikiwa imepooza, mara nyingi inataka ndimu kuliko chumvi. Ikiwa nzito, ilegeze kwa maji, kijiko kimoja kimoja cha chai.

Majani yakauke kabisa kabla ya kuchanganya. Sosi haishiki kwenye jani lenye maji. Hutelemka na kutuama chini ya bakuli, na watu wengi huilaumu sosi kwa kosa la majani. Gramu 100 za majani zinatosheka na vijiko 2 hadi 3 vya chakula, vitiwe wakati wa kula.

Kuhusu yai bichi. Linaweza kuwa na salmonella, bakteria wanaoleta ugonjwa wa tumbo. Kwa wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu, ruka hatua ya 2 na ya 3, pamoja na yai, haradali, siki na mafuta yake. Tumia gramu 180 za mayonezi ya dukani, ambayo kwa kawaida mayai yake yamepashwa moto kuua vijidudu. Anza na nusu ya chumvi, kwani mayonezi tayari inayo.

Ya yai bichi ihifadhi kwenye chupa safi yenye kifuniko, ndani ya friji, uimalize ndani ya siku 3. Isikae mezani zaidi ya saa mbili. Wala usiigandishe: barafu huvunja ule mshikamano, na ikiyeyuka utakuta maji chini na mafuta juu.