Kuandika katuni ya shujaa ambayo mgeni anaweza kuianzia toleo la nne

Msomaji wa katuni Dar es Salaam hachagui pa kuanzia. Toleo analolikuta limetandazwa chini pale Posta, katikati ya vitabu vya mitumba, ndilo atakalolinunua. Likiwa la nne, matatu ya mwanzo huenda asiyaone kabisa. Ukimwandikia kana kwamba ameyasoma yote, ataishia ukurasa wa tano, na toleo la tano hatalitafuta.

Kwa hiyo chukulia kwamba kila toleo ni la kwanza kwa mtu fulani. Jim Shooter, mhariri mkuu wa Marvel, kampuni ya katuni ya Marekani, kuanzia 1978 hadi 1987, aliwabana waandishi wake kwa sharti hilo: kila toleo limtambulishe shujaa, uwezo wake na shida iliyomkabili.

Anza na sentensi moja isiyozidi maneno 30: stelingi ni nani, anataka nini, nani anamzuia, na akishindwa nini kitaharibika. Ukijikuta unaongeza "ila huyu siye yule wa mwanzo, huyu katoka dunia nyingine", simama hapo. Mtu aliye kwenye mwendokasi kutoka Kimara kwenda Kivukoni hana daftari la kufuatilia dunia zako.

Halafu majina. Wachoraji wa jarida la Sani walilijua hili vizuri sana. Mhusika akiitwa Ndumilakuwili, huhitaji toleo la nyuma kukueleza tabia yake. Jina limeshamaliza kazi. Mpe adui wako jina la namna hiyo, na usiingize wahusika wapya zaidi ya wawili katika toleo moja.

Kwa kitabu cha kurasa 20, weka muhtasari wa maneno 50 juu ya ukurasa wa kwanza. Kufikia ukurasa wa tatu shujaa awe ameitwa jina na ametumia uwezo wake mbele ya macho ya msomaji. Visanduku vya picha vitano au sita kwa ukurasa vinatosha, maneno yasizidi 35 kwa kisanduku. Ukizidisha, maputo ya maneno yanameza mchoro na mkono wa mchoraji unapotea bure.

Kinachoharibu zaidi ni maswali yasiyofungwa. Chora safu tatu kwenye daftari: swali, toleo lilipofunguliwa, toleo litakapofungwa. Maswali yaliyo wazi yasizidi matatu kwa wakati mmoja, na kila toleo lifunge walau moja kabla ya kuandika "Itaendelea". Safu ya tatu ijazwe siku ileile unapofungua swali, na isibadilishwe kwa sababu mauzo yamepanda. Mfululizo wa Spider-Man uliojulikana kama Clone Saga ulianza 1994 ukiwa umepangwa kuwa mfupi. Ulipouzika ukavutwa hadi 1996. Katikati, msomaji akaambiwa kwamba Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, aliyemfuata tangu 1975 ni nakala tu, na Peter halisi ni mtu mwingine. Mwishoni hilo nalo likageuzwa. Hakuna jeraha baya kwa msomaji kama kuambiwa kwamba alichokinunua na kukipenda kwa miaka 20 hakikuwa kweli.

Vifo viandikwe kwa uangalifu uleule. Superman aliuawa katika toleo la 75 la kitabu chake, mwishoni mwa 1992, na 1993 akarudi. Mara moja inasisimua. Ikizoeleka, msomaji haogopi tena chochote, na pambano linabaki ngumi tu. Ukimuua mtu, azikwe.

Hadithi yako ikishachanganyika, utashawishika kufuta yote na kuanza upya. DC, kampuni ya Superman na Batman, walifanya hivyo kwa Crisis on Infinite Earths, matoleo 12 ya 1985 na 1986, ili dunia nyingi za hadithi zao ziwe moja. Baadaye dunia nyingi zikarudi. Mwaka 2011 wakaanza tena na New 52, vitabu 52 vilivyoanza vyote na namba moja, lakini historia ya Batman ikabakizwa karibu yote: akawa amepitia akina Robin, wasaidizi wake vijana, wanne ndani ya miaka kama mitano. Hesabu haikukaa sawa, na maelezo ya kuirekebisha yakazaa fumbo jipya. Ukifuta, futa kila kitu. Kama kuna kipande unachokipenda mno kukiacha, basi usifute. Funga hadithi ya zamani kwa heshima na uanze na shujaa mwingine.

Mashujaa wawili wakikutana, pambano lianze na kuisha ndani ya kitabu kimoja. Usimlazimishe mtu kununua cha pili ili aelewe cha kwanza.

Kabla ya kulipia uchapaji, mpe toleo la tatu mtu asiyejua la kwanza. Usimweleze chochote. Kaa pembeni na penseli, na kila anaporudisha ukurasa nyuma, weka alama. Akimaliza, muulize shujaa anataka nini na nani anamzuia. Akiwa amerudi nyuma mara moja, rekebisha kisanduku kile tu. Zikifika mara tatu, usihangaike na maputo. Irudie ile sentensi ya maneno 30 na uiandike upya.