Soma besi ya filamu kabla hujailaumu sabufa

Mwenye kibanda umiza mmoja wa Mwanzange alinijia ofisini kwangu Ngamiani, Tanga, na sabufa begani. Salamu ilikuwa fupi. "Fundi, chukua kitu chako. Meli nzima inalipuka, mimi nasikia kama mtu kafunga kabati."

Nikamwomba flashi yenye hiyo filamu, nikaichomeka kwenye laptopu. Hazikupita dakika tano. "Shekhe, sabufa haina kosa. Besi yenyewe haimo humu." Aliniangalia kama namkwepa, mpaka nilipomwonyesha kwenye skrini. Nilichomwonyesha siku ile ndicho ninachokuandikia hapa, pamoja na mambo niliyojifunza baadaye kwa kuharibu vitu.

Utahitaji laptopu, hata kuukuu, na programu nne za bure: VLC ya kuhesabia chaneli (njia za sauti), FFmpeg ya kuchomoa sauti, Audacity ya kuitazama, na REW ya kupimia chumba. Maikrofoni tutaisema zamu yake ikifika.

Hatua ya 1: Hesabu chaneli

Fungua filamu kwa VLC, ingia Tools, halafu Codec Information, usome mstari wa Channels upande wa sauti. Ukikuta 3F2R/LFE, au chochote chenye zile herufi tatu za mwisho, uko salama. Maana yake spika tatu mbele, mbili nyuma, na LFE. LFE ndiyo ile ".1" ya 5.1, yaani njia iliyotengwa kwa mitetemo mizito tu. Inaishia Hz 120, yaani mitetemo 120 kwa sekunde, wakati wenzake wanapanda mpaka karibu Hz 20,000. Ndiyo maana haikuhesabiwa kuwa chaneli kamili.

Ukikuta Stereo, kuwa na mashaka. Filamu ya yule bwana ilikuwa imetafsiriwa. Mtafsiri kaweka sauti yake juu, na chaneli sita zimekunjwa kuwa mbili. Sasa, kwa utaratibu wa kawaida wa kukunja 5.1 kuwa stereo, LFE haipunguzwi. Inatupwa yote. Runinga nyingi na deki zinafanya hivyohivyo zikitoa sauti kwa ule waya wa nyekundu na nyeupe, kwa hiyo hata mwenye filamu nzuri ya 5.1 anaweza kupoteza besi yake njiani bila kujua.

Hatua ya 2: Chomoa kipande, usichomoe filamu nzima

Tafuta tukio lenye kishindo, uandike dakika yake. Kisha andika kwenye dirisha la amri (terminal) la laptopu:

ffmpeg -ss 00:42:00 -t 180 -i filamu.mkv -map 0:a:0 -c:a pcm_s24le kipande.wav

Hapo unaanzia dakika ya 42 na unachukua sekunde 180. Nasisitiza kipande kwa sababu sauti ya chaneli sita isiyobanwa inakula baiti 864,000 kila sekunde. Filamu ya saa mbili inapita GB 6, na faili la WAV la kawaida haliwezi kuvuka GB 4. Mimi nilisubiri sana siku ya kwanza, nikaishia na faili lisilofunguka.

Likifunguka kwenye Audacity utaona mistari sita: kushoto, kulia, katikati, LFE, halafu mbili za nyuma. LFE ni wa nne. Ukitaka uhakika, ucheze peke yake. Ukisikia watu wanaongea, umeshika mstari mwingine.

Hatua ya 3: Lipa deni la dB 10

Hapa ndipo wengi wanapotelea, na mimi nilipotelea miezi. LFE inarekodiwa ikijua kwamba mtambo unaoicheza utainyanyua dB 10 (dB ni kipimo cha nguvu ya sauti) kuliko chaneli nyingine. Kwenye ukumbi wa sinema uliopimwa sawasawa, chaneli moja ya kawaida inafika kileleni kwa dB 105, na LFE kwa dB 115. Risiva ya nyumbani, ile amplifaya inayopokea chaneli zote, inaongeza hizo dB 10 yenyewe, kimyakimya. Audacity haiongezi kitu. Kwa hiyo ukitazama mistari ilivyo, LFE inaonekana nyonge na utatoa hukumu ya uongo.

Usiinyanyue LFE, itagonga dari. Shusha wale watano wengine: wachague, Effect, Amplify, andika -10. Baada ya hapo wapitishe kwenye Low-Pass Filter ya Hz 80 yenye mteremko wa dB 24. Kazi hiyo ndiyo risiva inayoifanya ukiiambia kwamba spika zako ni ndogo: inakata besi yao chini ya Hz 80 na kuipeleka kwenye sabufa. LFE usiiguse. Mwisho chagua yote sita, Tracks, Mix, Mix and Render to New Track.

Mstari mpya unaozaliwa ndio amri inayofika kwa sabufa. Usikubali kuhukumu filamu kwa LFE peke yake. Nimewahi kukuta tukio la tetemeko ambalo LFE yake ilikuwa karibu tupu na uzito wote umewekwa kwenye chaneli tatu za mbele. Mchanganyaji wa sauti ana uhuru wake.

Hatua ya 4: Soma picha

Badilisha mwonekano wa mstari kuwa spektrogramu, picha inayoonyesha mitetemo ipi inapiga wakati gani. Kwenye mipangilio yake weka masafa (zile Hz) ya chini 0 na ya juu 120, kipimo kiwe cha mstari ulionyooka (Linear). Usipofanya hivyo, besi yote itabanwa kwenye ukanda mwembamba chini kama masimbi ya chai.

Kinachofuata ni ukubwa wa dirisha, yaani kipande cha sauti kinachopimwa kwa mkupuo mmoja, na hapa hakuna jibu moja. Ukichagua 8192, kila kipimo kinabeba sekunde 0.17, kwa hiyo utaona vizuri mlipuko umeanza lini, lakini huwezi kutenganisha masafa yaliyopishana chini ya Hz 6 hivi. Ukichagua 32768, unatenganisha mpaka Hz 1.5, ila wakati unachafuka: mlipuko wa ghafla unaonekana umeanza kabla haujaanza. Mimi natazama kwanza kwa dirisha kubwa nijue besi inashuka hadi wapi, halafu kwa dogo nijue inapiga vipi.

Mazoezi mazuri ni helikopta. Huey, ile ya zamani ya Kimarekani, ina pangaboi lenye mapanga mawili linalozunguka mara 324 kwa dakika. Zidisha kwa mawili, gawa kwa 60, unapata mapigo 10.8 kwa sekunde. Ikiwa waliorekodi hawakuikata, utaona mistari myembamba imelala mmoja juu ya mwingine kama ngazi: karibu na 10.8, 21.6, 32.4, na kuendelea. Sikio linaanza kushika sauti kwenye Hz 20 hivi, kwa hiyo kipandio cha chini kabisa hukisikii, unasikia vya juu yake. Mlipuko wenyewe haupangi ngazi. Unakaa kama wingu, mpana juu, halafu mkia unaoteremka. Mkia huo ndio unaotaka kuujua: unaishia Hz 40, 30, au unazama chini ya 20?

Ukishaupata, chagua sekunde zake chache tu, nenda Analyze, Plot Spectrum, weka ukubwa 65536. Andika masafa yenye kilele na mahali mstari unapoporomoka. Ukichagua dakika nzima, mazungumzo na ukimya vitauzamisha mlipuko kwenye wastani.

Hatua ya 5: Ijue sabufa yako kwa macho

Maandishi ya W 10,000 PMPO kwenye boksi yapuuze. Geuza nyuma, soma inakula wati ngapi za umeme. Kama imeandikwa W 60, basi haiwezi kuendelea kutoa zaidi ya hizo, awe nani aliyeiuza.

Kisha tafuta mahali boksi lenye tundu linapokoma. Kwenye Audacity tengeneza sauti moja nyoofu, Generate, Tone, anzia Hz 70 na ushuke tano tano, sauti ikiwa ndogo. Funga uzi mwembamba mbele ya tundu, uangalie na koni, ule uso wa spika unaocheza. Koni itaongeza mwendo kadiri unavyoshuka, halafu kwenye masafa fulani itatulia ghafla, karibu isimame, na uzi upepee kuliko mwanzo wote. Hayo ndiyo masafa ya boksi. Kwa sabufa ya yule bwana yalikuwa Hz 45. Chini ya hapo sauti inaporomoka dB 24 kila masafa yakipungua nusu, na hewa ya ndani haiishiki tena koni. Inayumba bure.

Usiendelee kushuka. Mimi niliwahi kuipigia sabufa ya mteja Hz 20 kwa nguvu, nikijisifu kwamba haikoromi. Haikukoroma kwa sababu Hz 20 haikuwa inatoka. Kilichotoka ni harufu ya koili. Niliilipa.

Hatua ya 6: Pima chumba

Programu za simu za kupima kelele nyingi zinaanza kwenye kipimo cha A, ambacho kinapunguza Hz 40 kwa karibu dB 35 na Hz 20 kwa dB 50. Kwa besi ni sawa na kupima uzito huku umeuzuia mzani kwa kidole. Weka kipimo cha C, ambacho hakikati besi kiasi hicho. Maikrofoni ya simu nayo haiaminiki chini, kwa hiyo kama kazi hii utaifanya kwa hela, nunua maikrofoni ya USB yenye faili la urekebishaji, kama UMIK-1. Pakia faili hilo kwenye REW, weka maikrofoni kwenye urefu wa sikio la mtu aliyekaa, piga sauti inayopanda kutoka Hz 15 hadi 200.

Tanga hapa chagua usiku, baada ya Isha, madirisha yamefungwa. Alasiri upepo wa bahari ukigusa maikrofoni unachora vilima vya besi ambavyo havipo. Na kabla hujapiga chochote, tazama ukimya. Ukiona mwiba umesimama Hz 50 na mwingine 100, huo ni umeme unaovuma, mara nyingi kupitia waya wa dishi. Chomoa waya wa antena kwenye kingamuzi uone kama unaondoka.

Sebule yangu ina mita 4.3 kwa 3.6. Kwa joto letu la nyuzi 30 sauti inakwenda kama mita 349 kwa sekunde. Gawa 349 kwa urefu mara mbili, yaani 8.6, unapata Hz 41 hivi. Masafa hayo yanavimba kwenye kuta mbili za mwisho na yanakufa katikati ya chumba, na kochi langu lilikuwa katikati kabisa. Nilimaliza wiki nikizungusha vitasa vya amplifaya, kumbe dawa ilikuwa kusogeza kochi nyuma hatua moja na nusu. Vioo vya nako vinavyolia dirishani vitakudanganya pia. Vizuie kwa vipande vya gazeti wakati wa kupima.

Hatua ya 7: Weka picha tatu pamoja

Sasa una karatasi yenye namba: filamu inashuka hadi wapi, boksi linakoma wapi, kiti kinapoteza nini. Kibandani hali ilikuwa hivi. Filamu asili ya 5.1 tuliyoitafuta ilikuwa na mkia unaofika Hz 25. Boksi linakoma 45. Kuta ni mbao na bati, besi inatoka nje haina pa kuvimbia, na anayeifaidi ni kijana wa mishikaki aliyepo mlangoni.

Nilifikiria kuichukua LFE ya filamu asili niipandikize kwenye ile iliyotafsiriwa. Haikukaa. Moja ilikuwa ya picha 25 kwa sekunde, nyingine 23.976, na kwa saa mbili zinaachana karibu dakika tano. Mlipuko ungelia watu wameshafika nyumbani.

Basi nikaikunja ile ya asili upya, safari hii LFE ikiwa ndani:

ffmpeg -i filamu.mkv -c:v copy -af "pan=stereo|c0=0.25*c0+0.18*c2+0.17*c4+0.4*c3|c1=0.25*c1+0.18*c2+0.17*c5+0.4*c3,highpass=f=35" -c:a aac -b:a 256k mpya.mkv

c3 ndiyo LFE. Inaingia 0.4 kila upande, sabufa inajumlisha pande mbili kuwa 0.8, ambayo ni zaidi kidogo ya mara tatu ya 0.25, yaani zile dB 10 za hatua ya tatu. Kila upande namba zinajumlika kuwa 1 ili sauti isipasuke. Na highpass ya 35 inaipunguzia koni mzigo ambao boksi haliwezi kuubeba.

Siku hizi mchana anaonyesha ya mtafsiri, kwa sababu watoto hawataki nyingine, na usiku ile ya 5.1 niliyoikunja. Usiku wa kwanza alinipigia saa nne. "Fundi, mlipuko umefika. Sasa bati linalia." Nikamwambia amtafute fundi wa bati.