Mafuta Yanaposhika Moto Jikoni Siku ya Sikukuu: Namna ya Kuuzima na Namna ya Kujiandaa

Siku ya sikukuu jiko la nyumbani hufanya kwa saa chache kazi ambayo kwa kawaida ingegawanywa katika wiki nzima. Majiko yote yanawaka kwa pamoja, oveni haipati nafasi ya kupoa, watoto wanaingia na kutoka, na mpishi anaitwa sebuleni kusalimia wageni ilhali mafuta yamebaki motoni. Hapo ndipo moto mwingi wa jikoni huanzia: chanzo si hitilafu ya ajabu, ni chakula kilichoachwa motoni bila mtu wa kukiangalia. Mwongozo huu utakaa zaidi kwenye moto wa mafuta ya kukaangia, kwa kuwa huo ndio moto ambao mtu aliyeshtuka huukimbilia na kitu kibaya kuliko vyote, yaani maji.

Nililijua jambo hili jikoni kwangu mwenyewe. Niliacha mafuta kwenye karai nikaenda kupokea wageni mlangoni, na salamu zikarefuka. Niliporudi, moshi mwepesi wa samawati ulikuwa umetanda hadi usawa wa macho, na kabla sijalifikia jiko mafuta yakawaka yenyewe. Mfuniko wa karai ulikuwepo, ila ulikuwa ndani ya sinki, chini ya sahani, umejaa maji. Binamu yangu alikuwa ameshajaza jagi na kulinyanyua. Nilichowahi kufanya ni kumshika mkono, kuzima jiko, na kulisukuma juu ya karai lile sinia pana la kuokea lililokuwa mezani. Moto ulikufa ndani ya pumzi mbili tatu. Tangu siku hiyo siwashi jiko la kukaangia kabla sijauona mfuniko mkavu pembeni yake, maana wakati wa moto mtu hapati nafasi ya kutafuta. Hushika kilicho karibu.

Kwa nini maji hayafai

Ukaangaji wa kawaida huhitaji mafuta yenye joto la kati ya nyuzi 160 na 190 za Selsiasi. Yakiendelea kupashwa zaidi ya hapo huanza kutoa moshi, na yakipita nyuzi 300 na kitu huweza kushika moto bila cheche yoyote wala ulimi wa moto kuyagusa. Mafuta yaliyokwisha kutumika mara kadhaa hutoa moshi mapema kuliko mafuta mapya, na kwa hiyo yale ya jana yaliyochujwa ili yatumike tena leo yanataka jicho kali zaidi.

Maji, kwa upande wake, huchemka kwa nyuzi 100, tena ni mazito kuliko mafuta. Ukiyamwaga juu ya mafuta yanayowaka huzama, yakakutana na joto la zaidi ya mara tatu ya lile la kuchemkia, na kugeuka mvuke papo hapo. Mvuke huo huhitaji nafasi iliyo kubwa takribani mara 1,700 kuliko maji yaliyouzaa. Kwa kuwa uko chini ya mafuta, hutoka kwa kuyarusha juu katika vitone vidogo vidogo, kila kitone kikizungukwa na hewa pande zote, na moto uliokuwa wa ukubwa wa sufuria hugeuka nguzo inayogonga dari. Hata kikombe kimoja kinatosha kuleta balaa hilo. Kwa udogo wake, jambo hilohilo ndilo unaloliona unapotumbukiza chakula chenye barafu au kisichokaushwa maji, mafuta yakafoka na kumwagikia jiko.

Kosa la pili ni kuibeba sufuria inayowaka ili kuitoa nje. Mtu anayetembea huusukuma moto kuelekea kifuani na usoni mwake mwenyewe, mpini unazidi kupata moto, na mafuta humwagika njiani, mara nyingi mlangoni, mahali pale pale ambapo watu wengine wanataka kupita. Sufuria iachwe ilipo.

Namna ya kuufunika

Ikiwa swichi au kifundo cha jiko kinafikika bila kupitisha mkono juu ya moto, kizime kwanza. Kama hakifikiki, funika kwanza na uzime baadaye. Shika mfuniko wa chuma kwa mkono mmoja, uuinamishe kidogo uwe kama ngao kati yako na moto, kisha uusukume polepole kutoka ukingo ulio karibu nawe hadi ukingo wa mbali. Usiudondoshe kutoka juu, kwa sababu mkono wako utakuwa ndani ya moto wakati wa kuuachia, na kishindo chake huweza kurusha mafuta. Mfuniko wa kioo haufai sana hapa, kwani huweza kupasuka. Sinia la kuokea au kikaango kingine kikavu kinachozidi upana wa sufuria kinafaa vizuri kabisa.

Kinachofuata ni kigumu kwa namna yake: usifunue. Moto umezimika kwa kukosa hewa, lakini mafuta bado yana lile joto lililoyawasha, na hewa ikiingia huwaka tena mbele ya uso wa anayechungulia. Acha sufuria palepale, jiko likiwa limezimwa, mpaka sufuria yenyewe iwe ya baridi kwa mkono. Hilo huweza kuchukua saa nzima au zaidi, kutegemea wingi wa mafuta, na wageni watasubiri.

Blanketi la kuzimia moto hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Vuta mikanda yake miwili, kunja pembe za juu zifunike viganja vyako, lishike mbele yako, na ulilaze juu ya chombo kutoka karibu kwenda mbali. Nguo ya kawaida au kitambaa cha nailoni si mbadala wake. Wapo wanaoshauri taulo lililoloweshwa na kukamuliwa. Mimi silipendekezi mahali penye kitu cha chuma cha kufunikia, kwa sababu taulo lisilokamuliwa vya kutosha hudondoshea maji kwenye mafuta, na mtu mwenye hofu hakamui sawasawa.

Moto mdogo sana kwenye kikaango huweza kuzimwa kwa kuunyunyizia bekingi soda kwa wingi, pakiti nzima na si kijiko. Unga wa ngano na sukari, ambavyo kwa macho vinafanana nayo, vyenyewe ni chakula cha moto, na vumbi la unga likitawanyika hewani karibu na moto huweza kulipuka. Ikiwa huna hakika ni kopo lipi umeshika, liache.

Kuhusu vizimamoto, si kila kimoja kinafaa mafuta ya kupikia. Vile vya kemikali ya majimaji vilivyotengenezwa mahususi kwa kazi hii huandikwa daraja F katika mpangilio wa Ulaya na daraja K katika ule wa Marekani. Kizimamoto cha poda huweza kuangusha ndimi za moto, lakini hakiyapozi mafuta, na msukumo wake ukielekezwa moja kwa moja ndani ya sufuria huweza kuyarusha. Chochote ulicho nacho, soma maelezo yake siku ya amani, simama kwa umbali ulioandikwa, na mlango uwe nyuma yako.

Oveni, umeme na gesi

Moto ulio ndani ya oveni au maikrowevu tayari umo ndani ya sanduku. Zima kifaa, kichomoe kwenye soketi ikiwa unaifikia kwa usalama, na uache mlango wake umefungwa hadi moto ufe. Kosa la kawaida ni kufungua ili kukiokoa chakula. Kifaa cha umeme kinachotoa moshi au cheche kikatiwe umeme kwenye swichi kuu, na maji yasikikaribie.

Gesi ya mtungi inahitaji tahadhari ya aina yake. Ni nzito kuliko hewa, hivyo inapovuja hutuama sakafuni na kwenye pembe za chini, na mtu huweza kuamini kuwa imeondoka ilhali iko miguuni pake. Harufu yake kali huongezwa makusudi kiwandani ili uvujaji ugundulike. Ukiisikia, funga valvu ya mtungi, fungua milango na madirisha, na usiguse swichi yoyote, ya kuwasha wala ya kuzima, kwa kuwa zote mbili huweza kutoa cheche. Simu nayo ipigwe ukiwa nje. Ikiwa moto unawaka kwenye mpira au kwenye regulata, dawa yake ni kufunga valvu, kama inafikika bila kuungua. Usiuzime moto huo huku gesi ikiendelea kutoka, maana gesi isiyowaka itajaa chumbani na kungoja cheche. Mtungi wenyewe ukishazungukwa na moto, toeni watu wote na mkae mbali.

Wakati wa kuacha kupambana

Naamini kila mwenye nyumba anastahili jaribio moja tu. Ikiwa umefunika na moto haukuzimika, ikiwa umeshashika pazia au kabati, au ikiwa moshi umeanza kushuka kufikia usawa wa kichwa, toka na ufunge mlango wa jiko nyuma yako. Mlango uliofungwa, hata ule wa mbao wa kawaida, huuchelewesha moto na moshi kwa dakika zinazotosha watu kutoka. Kwenye moshi tambaeni, kwa sababu hewa inayovutika iko chini. Wapigie zimamoto mkiwa nje.

Siku ya sikukuu kuna ugumu ambao siku nyingine haupo: hakuna anayejua kwa hakika nyumba ina watu wangapi. Kuna mtoto aliyelazwa chumba cha nyuma, kuna bibi aliyejipumzisha, kuna mgeni aliyeenda msalani. Kwa hiyo mwenyeji ataje mapema, hata kwa utani, mahali pa kukutania nje, na ajue nani amelala wapi. Aliyekwisha kutoka asirudi ndani. Kama mtu hajaonekana, waelezwe zimamoto chumba anachodhaniwa kuwamo.

Mtu ambaye nguo zake zimewaka asikimbie. Alale chini, afunike uso kwa viganja, na aviringike mpaka ndimi zizimike. Aliye karibu anaweza kumfunika kwa blanketi zito la sufu au pamba.

Palipoungua paoshwe kwa maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Ni muda mrefu kuliko watu wengi wanavyodhani, na unafaa hata ukianza baadaye, ilimradi saa 3 hazijapita. Pete na bangili zivuliwe kabla mwili haujavimba, lakini nguo iliyogandamana na ngozi isibanduliwe. Barafu, siagi, mafuta, dawa ya meno na unga visipakwe, hata kama shangazi atasisitiza. Baada ya kupoza, laza juu yake plastiki safi ya kufunikia chakula bila kuikaza. Jeraha linalozidi kiganja cha aliyeungua, lililo usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri, jeraha lolote la mtoto mdogo, na lile jeupe au jeusi ambalo haliumi, lipelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kabla ya kuwasha

Mafuta yasizidi theluthi moja ya kina cha sufuria, mipini igeuzwe ndani, na watoto wabaki umbali wa mita moja kutoka jikoni. Kipimajoto cha kupikia kinafaa. Asiyekuwa nacho auchukue moshi kuwa amri ya kuzima jiko, si ya kuharakisha kutia chakula. Viungio vya gesi vipakwe povu la sabuni siku chache kabla, na panapotoa mapovu pashughulikiwe. Kengele ya moshi isitolewe betri kwa sababu inapiga kelele wakati wa kukaanga. Isogezwe mbali kidogo na jiko.

Lililo gumu zaidi ni kubaki jikoni. Anayekaanga akiitwa, ama azime jiko, ama amkabidhi mtu mmoja kwa jina lake, naye aitikie. "Jamani angalieni mafuta" ni kauli isiyomkabidhi mtu yeyote. Mimi hutoka na mwiko mkononi, hata mlangoni kwa wageni. Hunicheka, lakini mwiko haunipi nafasi ya kukaa.

Baada ya moto, chakula kilichokuwa wazi karibu na moshi au poda kitupwe. Kizimamoto kilichofyatuliwa hata kwa sekunde moja kikajazwe upya, kwa sababu hupoteza mgandamizo wake taratibu na siku nyingine kitatoa pumzi tu. Mpira wa gesi na waya zilizokuwa karibu zikaguliwe na fundi kabla jiko halijawashwa tena. Mafuta yaliyowaka yamwagwe kwenye chombo yakishapoa kabisa, si kwenye sinki, na kikaango ambacho kitako chake kimepinda kwa joto kisirudi motoni, kwani hakitakaa sawa juu ya jiko.