Kufunga hichi (kiungo cha gari na trela) ya kugawa uzito kwenye trela la kulala: pima tairi la mbele kwanza

Kama una trela la kulala, lile wengi wanaita karavani, na unalivuta na Prado au Hilux kutoka hapa Dodoma kwenda Iringa kwa njia ya Mtera, au unapanda nalo Kondoa mpaka Babati, naomba ukishalifunga usianze kuangalia nyuma ya gari, angalia mbele. Watu wengi wakishafunga wanasogea pembeni wanaona gari limekaa chini nyuma, wanaenda kuongeza springi ngumu au wanaweka zile balloon za upepo, gari linanyooka wanaridhika, kumbe tairi za mbele ziko nyepesi vilevile kama mwanzo. Na tairi za mbele ndo zinakata kona na ndo zinabeba kazi kubwa ya breki.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua Prado, kati ya tairi la mbele na la nyuma kuna kama mita 2.8. Boli la kuvutia, lile tufe la chuma nyuma ya gari ambalo trela linakaa juu yake, tuseme liko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na trela linakandamiza boli kilo 200. Zidisha 200 kwa 1.2 gawa kwa 2.8 unapata kama 86. Yaani ekseli ya mbele imenyang'anywa kilo 86, na ya nyuma imeongezewa siyo 200 tu, ni 286. Ni kama mkokoteni wa maji ukijaza madumu mengi nyuma, mikono inanyanyuka juu na anayesukuma hana tena nguvu ya kuuongoza. Hichi ya kugawa uzito inarudisha ule uzito mbele, na kiasi kingine inausukuma kwenye tairi za trela lenyewe. Inafanya hivyo kwa vyuma viwili virefu vya springi vinavyotoka kwenye kichwa cha hichi, kimoja kila upande, vinalala chini ya fremu ya trela, alafu vinavutwa juu kwa cheni. Ukivivuta vinakikunja kichwa cha hichi kwa nguvu, na hapo ndo mbele ya gari inashuka.

Kabla hujatoa hela hakikisha vitu vitatu. Kitabu cha gari lako kinasemaje, maana kuna gari watengenezaji wanakataza kabisa hichi ya aina hii, na kuna zingine wanairuhusu lakini kwa kipimo chao. Pili fremu ya mbele ya trela iwe ya umbo la A, vyuma viwili vinavyokutana kwenye kapla, kile kikombe cha trela kinacholifunika boli, kwa sababu breketi za cheni zinakaa huko pembeni. Trela nyingi zinazochomelewa mtaani zina bomba moja tu la kati, hizo hazifai, na usikubali fundi akuchomelee masikio kwenye bomba hilo. Tatu ni breki. Karavani za Uingereza na Ulaya kwa ujumla zina breki inayofanya kazi kwa trela kuisukuma gari, na zimetengenezwa pua, yaani ncha ya mbele ya trela inayokandamiza boli, iwe nyepesi, kama asilimia 5 mpaka 7 ya uzito wa trela, kwa hiyo hichi hii siyo ya kwao. Inayozungumziwa hapa ni ya trela za mtindo wa Marekani, ambazo pua yake inatakiwa ibebe asilimia 10 mpaka 15.

Na boli. Hili naomba ulichukulie kwa uzito wake kabisa. Kuna boli la mm 50 na kuna la inchi 2 ambalo ni mm 50.8, kwa macho ni kitu kimoja, lakini kapla ya mm 50 kwenye boli la inchi 2 haikai mpaka chini, na kapla ya inchi 2 kwenye boli la mm 50 inacheza. Vifaa vya Afrika Kusini na Ulaya ni 50, vya Marekani ni inchi. Namba imegongwa juu ya boli, na kwenye kapla pia ipo, futa grisi usome. Nati ya boli nayo inataka nguvu kuliko watu wanavyodhani, boli lenye mguu wa inchi 1 kwa kawaida ni kama Nm 340 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) na la inchi 1 na robo linafika kama Nm 610, spana ya kawaida ya gereji ndogo haikufikishi huko. Nenda kwa mafundi wa malori, wao wana spana ya kipimo ya kutosha.

Sasa mzigo, na hapa ndo wengi wanaharibu kisha wanalaumu hichi. Hichi haitengenezi trela lililopakiwa vibaya. Kama pua ni nyepesi trela litayumba tu hata ukiwa na hichi ya bei gani. Pakia kila kitu kama unasafiri kweli, mtungi wa gesi, friji, magodoro, na hasa maji, sababu sisi huku tukienda porini tunabeba maji mengi. Lita 100 ni kilo 100. Madumu matano ya lita 20 ukiyapanga nyuma ya ekseli za trela yanaipunguza pua, ukiyaleta mbele ya ekseli yanaiongeza, na tofauti utaiona kwenye mizani mara moja. Mimi nashauri yakae karibu na ekseli, mbele yake kidogo, chini sakafuni, na yafungwe yasitembee. Na ujue pua inabadilika maji yakiisha, kwa hiyo wakati wa kurudi usidhani una trela lilelile.

Kupima pua hauhitaji kifaa cha kuagiza. Mizani ya jukwaa wanayopimia magunia sokoni inatosha, azima kwa mfanyabiashara wa nafaka, weka kipande cha mbao juu yake, shusha jeki ya pua itue hapo, trela likiwa limenyooka na tairi zimezuiwa kwa mawe. Trela la kilo 1,800 linatakiwa lisome kati ya 180 na 270. Kama una mizani ndogo ya kupimia mtu tumia ubao mrefu imara: upande mmoja uegemee tofali, upande mwingine uegemee mizani, pua itue sentimita 30 kutoka kwenye tofali na sentimita 60 kutoka kwenye mizani, kinachosomeka zidisha mara tatu. Namba ukiipata ndo unachagua vyuma vya springi vinavyolingana nayo. Usichukue vikubwa sana eti kwa usalama, vikiwa vigumu kupita kiasi vinaigonga fremu ya trela kwenye kila tuta, na barabara zetu unazijua, matuta na rasta kila kijiji.

Haya tufunge. Tafuta sehemu tambarare kweli, siyo uani kwenye mteremko. Gari liwe na mafuta tenki zima, na watu au uzito wao ndani, upepo wa tairi ule wa mzigo. Gari likiwa peke yake chukua futi kamba, pima kutoka chini mpaka ukingo wa madigadi wa mbele, unyooke katikati ya tairi. Andika kwa chaki hapohapo kwenye tairi au kwenye kidaftari, tuseme cm 88. Pima na nyuma. Alafu nenda kwenye trela, linyooshe kwa pimamaji na upime urefu wa kapla kutoka chini. Juu ya boli ikae sawa na hapo au juu kidogo, sentimita 2 hivi, kwa sababu nyuma ya gari itashuka. Kichwa cha hichi kwa kuanzia kiinamishe kidogo kurudi nyuma, kuna vinavyotumia washa na kuna vinavyotumia meno, karatasi ya mtengenezaji itakuambia uanze na ngapi.

Funga kapla kwenye boli bila vile vyuma, ingiza pini, nyanyua jeki, uzito wote ukae kwenye gari. Pima tena mbele. Ilikuwa 88 sasa ni 91, maana yake mbele imepanda sentimita 3. Usiogope, ndo tunachotaka kukijua.

Kapla ikiwa bado imefungwa, teremsha jeki ya pua iinyanyue pua pamoja na nyuma ya gari, ipande vizuri mpaka juu kidogo ya usawa. Hapa wengi wanaona uvivu, wanaacha gari chini alafu wanalazimisha cheni kwa bomba refu, na hivyo ndo mtu anavunjika mkono. Ukinyanyua vya kutosha cheni inaingia karibu kwa mkono. Ingiza vyuma, pandisha cheni kwenye breketi, kulia na kushoto idadi ya viungo iwe sawa, funga pini ya usalama. Kichwa chako na mikono visiwe kwenye njia ya ile breketi inapogeuka. Ondoa jeki, endesha gari mbele mita chache likae lenyewe, alafu pima mbele mara ya tatu.

Gari nyingi vitabu vyake vinataka mbele irudi angalau nusu ya ilivyopanda, zingine zinataka irudi karibu yote. Kwa mfano wetu nusu ni 89.5, kwa hiyo ukiwa kati ya 88 na 89.5 uko vizuri, mradi kitabu chako hakisemi vingine. Bado iko 90.5? Kaza cheni kiungo kimoja kila upande upime tena, na kama cheni imebaki fupi sana usiendelee kukaza, rudi kwenye kichwa cha hichi uongeze kukiinamisha. Cheni fupi inanyimwa nafasi ya kucheza wakati wa kona na itakatika. Ikishuka chini ya 88 umezidisha, legeza, kwa maana nyuma ya gari imekuwa nyepesi na kwenye lami iliyolowa nyuma itakutoka. Mwisho angalia trela, linyooke au pua iiname kidogo sana. Pua ikiangalia juu shusha boli tundu moja na uanze kupima upya, ndiyo, tangu mwanzo.

Cheni za usalama pitisha kwa kukatisha chini ya kapla, waya wa breki ya dharura ufungwe kwenye gari na siyo kwenye hichi, taa zijaribiwe. Kisha toka polepole kwenye barabara yenye nafasi. Basi likikupita kwa kasi utasikia msukumo kidogo, hiyo ni kawaida, na miezi ya upepo huku Dodoma utausikia zaidi. Trela likianza kuyumba kweli ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani unyooke, usikanyage breki kwa hofu, kama una kibonyezo cha breki za trela kitumie hicho peke yake. Kisha simama urudi kwenye mzigo, mara nyingi jibu liko huko. Kukaza cheni zaidi siyo dawa.

Ukiacha lami kuna jambo moja. Makorongo. Gari likishuka kwenye korongo wakati trela bado liko juu, au kinyume chake, vile vyuma vinabeba nguvu ambayo havikutengenezwa kuibeba, vinaweza kukunja fremu au kung'oa breketi. Kabla ya kuvuka simama, teremsha jeki, toa vyuma, vuka mwendo wa mtu anayetembea, rudisha ukifika ng'ambo. Hata mlango wa kituo cha mafuta ukiwa na mteremko mkali fanya hivyohivyo. Na kama umefunga kile chuma cha kuzuia kuyumba kinachofanya kazi kwa msuguano, kitoe kabla ya kurudisha gari nyuma kwenye kona, vinginevyo kitapinda.

Ukishatembea kama kilomita 80 za kwanza simama ukaze nati zote upya, hata kama hakuna dalili, rangi mpya na washa mpya huwa vinakaa. Ukifika kambini usianze na kapla. Teremsha jeki kwanza kapla ikiwa imefungwa, nyanyua mpaka cheni zilegee, toa vyuma viwili, ndo ushushe na kufungua kapla, na tairi za trela ziwe tayari zimewekewa mawe pande zote mbili.