SOMO: TV inchi ngapi kwa sebule yako? Chukua tepu kabla hujaenda dukani

Wakuu habari zenu. Swali la "ninunue inchi ngapi" linaulizwa kila siku na majibu huwa yale yale, chukua 55, chukua 65, kubwa ndo mpango mzima, na hamna anayemuuliza muulizaji anakaa mbali kiasi gani na kioo. Mi naona tunaanzia pabaya. Tunapima sebule, tunapima mfuko, wakati cha kupima ni umbali toka machoni mwako mpaka kwenye kioo, vingine vyote vinakuja nyuma ya hapo. Twende taratibu.

HATUA YA 1: Pima umbali wa macho

Chukua tepu, hata ile ya fundi cherehani inafaa, kaa kwenye kochi unalokaaga siku zote (sio la wageni), egemea kama unaangalia mechi, alafu mtu mwingine avute tepu mpaka pale kioo kitakapokuwa. Usipime ukuta kwa ukuta. Sebule ya futi 12 kwa 12 ni sentimita 366 lakini we huangalii tv umegandishwa ukutani, ukiegemea macho yanakuwa kama sentimita 60 au 70 toka ukuta wa nyuma, na tv ikiwa juu ya meza inasogea mbele 30 hadi 40. Ukitoa hizo unabaki na 265 hivi. Hiyo ndo namba yako, iandike.

Wale wa kuweka tv kwenye kona kwa sababu mlango na madirisha yamemaliza kuta zote, mjue kona inakula nafasi kuliko ukuta. TV ikikaa mshazari, kioo kinakuja mbele ya kona kwa nusu ya upana wake, yani inchi 55 yenye upana wa sentimita 122 inasogea 61 nzima, na hapo hujaacha nafasi ya waya.

HATUA YA 2: Gawanya

Hapa hamna hesabu ngumu. Ile namba yako ya sentimita:

Gawanya kwa 4 kama wewe ni mtu wa muvi, Netflix na gemu, na tv ni 4K (kioo chenye nukta nyingi sana, hesabu yake iko Hatua ya 3).
Gawanya kwa 5 kama ni mchanganyiko, taarifa ya habari, mpira, katuni za watoto, tamthilia.
Gawanya kwa 6 kama asilimia kubwa ni king'amuzi cha kawaida chenye chaneli ambazo sio HD (yani sio za picha kali).

Jibu ndo inchi zako. Kwa yule wa 265: kwa 4 inakuja 66, kwa 5 inakuja 53, kwa 6 inakuja 44. Kwa hiyo sebule ile ile moja, mtu wa muvi anabeba 65, mtu wa mchanganyiko 50 au 55, na mtu wa king'amuzi tu 43 inamtosha kabisa. Hiyo ya kugawa kwa 4 sijaiota, ukikaa umbali huo kioo kinachukua nyuzi kama 30 za uwanja wa macho yako, na hicho ndo kipimo ambacho wahandisi wa sinema wa SMPTE kule Marekani wanakitaja sana. Kuna wanaoenda mpaka nyuzi 40, hapo unagawa kwa 3, ila kwa sebule yenye bibi, wajomba na watoto siwashauri, mtageuza shingo hadi basi.

HATUA YA 3: Jiulize unaangalia nini

Hii ndo watu wanairuka alafu wanakuja kulalamika tv mbovu. Chaneli ya kawaida isiyo HD inatuma picha ya nukta 720 kwa 576, ukizidisha ni laki nne na ushee. Kioo cha 4K kina 3840 kwa 2160, milioni nane na ushee. Sasa hizo nukta nyingine zote zitoke wapi? TV inabuni yenyewe, na kadri kioo kinavyokuwa kikubwa ndo unavyozidi kuona ukungu kwenye sura ya mtangazaji. Tuliotoka kwenye chogo ya inchi 21 tunakumbuka picha ilikuwa safi tu, na sio kwamba matangazo yalikuwa bora, kioo kilikuwa kidogo basi kasoro zinajificha.

Alafu angalia waya. Nimeshaona nyumba kadhaa mtu ana tv ya 4K ukutani lakini king'amuzi kimechomekwa kwa zile waya tatu, njano nyeupe na nyekundu, wakati nyuma kina tundu la HDMI kabisa, ule waya mmoja unaopitisha picha kali na sauti! Badilisha waya kwanza kabla hujamlaumu muuzaji. Na muuzaji akikwambia "inasapoti 4K" muulize kioo chenyewe ni cha ngapi, mana kusapoti inaweza kumaanisha tu inapokea video ya 4K alafu inaionyesha kwa HD. Inchi 32 nyingi mtaani ni 1366 kwa 768, na kwa saizi hiyo wala haina shida.

HATUA YA 4: Pima kabati na miguu

Inchi zinapimwa kona kwa kona, sio upana. Upana wa kioo chenyewe ni hivi, fremu inaongeza kidogo: 32 ni sentimita 71, 43 ni 95, 50 ni 111, 55 ni 122, 65 ni 144, 75 ni 166. Kama una shoo kesi yenye tundu lililochongwa enzi za 32 basi fundi seremala anakuhusu kabla ya muuza tv. Na angalia miguu, tv nyingi kubwa za sahivi miguu iko pembeni kabisa huku na huku, kwa hiyo 55 kwenye meza ya mita moja mguu mmoja unaning'inia hewani. Labda uifunge ukutani, na ukuta wenyewe uwe wa tofali, usimwamini fundi anayetaka kufunga 65 kwenye jipsam tupu.

HATUA YA 5: Urefu wa kufunga, na jaribio la gazeti

Tuache huu mtindo wa kufunga tv juu karibu na dari kama mapokezi ya hospitali. Ukikaa kochini macho yako mita moja hivi toka sakafuni, kitovu cha kioo kiwe hapo hapo au juu kidogo. Inchi 55 ina kimo cha sentimita 68, ukiacha 70 chini yake umemaliza.

Kabla ya kulipa, unganisha magazeti kwa solotepu mpaka yafike saizi ya tv unayoitaka, bandika ukutani, ishi nayo siku mbili. Utajua kama mlango unaigonga, kama pazia linaifunika, na kama mwanga wa dirisha unaipiga usoni saa kumi jioni.

Maswali karibuni.

---

Mpangaji wa Mbagala: Mkuu somo zuri. Mi nimepanga chumba kimoja futi 10 kwa 10, naangalia nikiwa kitandani, ninayo 32 nataka niruke mpaka 65. Wife anasema nimechanganyikiwa.

Jibu: Shemeji yuko sahihi 😂 Futi 10 ni sentimita 305, toa 40 za mto na 30 za meza unabaki na 235. Kwa 5 ni 47, kwa 4 ni 59. Chukua 43 au 50. Hiyo 65 nayo ina upana wa karibu mita moja na nusu, na kabati la nguo mtalihamishia wapi?

mama_wawili: Shikamoo kaka. Tv kubwa haiwaharibu watoto macho? Wangu wa miaka mitano anaenda kuganda mbele ya kioo kabisa.

Jibu: Marahaba dada. Kukaa karibu na tv kunachosha macho lakini hakuyaharibu, wataalamu wa macho wanalisema hilo. Ila geuza swali: kama anasogea kila mara hata ukimrudisha, inawezekana haoni mbali. Mpeleke apimwe, usisubiri mwalimu aje akwambie haoni ubao.

Banda la Mpira: Boss nina kibanda umiza, benchi la mwisho liko mita 7. Nilitaka 75 moja ya maana.

Jibu: 700 gawa kwa 75 ni zaidi ya 9, yani wa nyuma atasikia goli kabla hajaona nani kafunga, na matokeo pale juu hatayasoma. Bora 55 mbili, moja mbele na moja katikati pembeni, unagawa kwa splita ya HDMI. Projekta nayo ni nzuri ila inataka giza, na mechi ya saa kumi kwenye banda la mabati yenye matundu hutaona kitu.

Kaka Mkubwa Tz: Napingana na wewe. Nunua kubwa unayoiweza, baada ya mwezi macho yanazoea na utaiona ndogo. Hakuna mtu aliyewahi kujuta kununua kubwa.

Jibu: Wapo, ukiwatafuta utawakuta wanauza used wameandika "nahama mji". Lakini kwa nusu nakubali, ukisimama kati ya saizi mbili na unaangalia HD au 4K, beba ya juu. Kwa king'amuzi cha kawaida beba ya chini, hapo sirudi nyuma.

Zungu la Sinza: Makochi yangu yamezunguka kama herufi U, wa pembeni wanasema picha imepauka.

Jibu: Hiyo sio inchi mkuu, ni aina ya kioo. Kuna aina mbili za kawaida, VA na IPS. Vioo vya VA vina weusi mzuri ukikaa katikati ila ukienda pembeni vinapauka, IPS vinavumilia zaidi. Dukani usisimame mbele ya tv, nenda usimame pembeni kabisa uiangalie.

Mzee wa Sola: Na umeme je? Huku kijijini natumia sola.

Jibu: Shikamoo mzee. Geuza tv nyuma usome kibandiko, kuna wati pale. Kioo kikikua wati zinapanda, kwa hiyo kwako anzia kwenye betri kwanza alafu ndo uje kwenye inchi. Zipo tv za inchi 24 na 32 zinazokula volti 12 moja kwa moja bila inveta, zinakufaa zaidi. Betri yako ni ya ngapi nikupigie hesabu?