Chekapu ya Bure Marekani: Chunga Mdomo Ukishavua Shati

Bili ilikuja wiki ya tano, kwenye bahasha nyeupe yenye kidirisha. Nilidhani ni barua ya mpangaji aliyetutangulia. Dola 238 za kliniki, na siku mbili baadaye ikafuata ya maabara, dola 96. Jumla 334, kwa ziara ambayo kadi ya bima, barua ya kazini na mke wangu, wote watatu, walisema ni ya bure.

Naandika nilivyonaswa kwa sababu najua wengi wenu mnaelekea hukohuko.

Nilikuwa na miaka 46, siumwi kitu, nimekwenda chekapu ya mwaka. Wakapima presha na uzito, wakatoa damu. Daktari akamaliza, akasimama, mkono tayari uko kwenye kitasa cha mlango, akageuka na kuuliza kwa upole: "Kuna kingine?" Mimi nimelelewa kwamba mtu mzima akikuuliza unamjibu. Nikasema bega la kulia linanisumbua nikiinua mkono. Akarudi, akalibonyeza, akaniambia inua, shusha, akaandika dawa ya kupaka. Nikadokeza pia kwamba siku hizi nachoka mapema. Akasema basi tupime na vitamini D, damu si tumeshaitoa. Nikatoka pale nikimsifia kwamba huyu daktari ana utu.

Dakika zile chache za bega ndizo dola 238. Uchovu ndio 96.

Sasa sikilizeni. Sheria ya bima ya mwaka 2010, ile inayoitwa Obamacare mitaani, inazilazimisha bima nyingi za binafsi kulipia huduma za kinga bila kukugusa mfukoni: hakuna kopei, ile ada ya kila unapoonwa, hakuna didaktibo, yaani kile kiasi unachobeba mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kuchangia. Lakini si kila kitu unachokiita kinga wewe. Ni kilichomo kwenye orodha. Kuna jopo la wataalamu, USPSTF, linalotoa alama. Kipimo kikipata A au B kinaingia. Chanjo zina kamati yake chini ya CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, na huduma za akina mama na watoto zina miongozo yake. Vitamini D kwa mtu mzima asiye na dalili haijapata alama hiyo. Daktari alikuwa na nia njema, ila nia njema haimo kwenye orodha.

Na bega? Bega ni tiba. Sheria inalipia kinga. Siku ileile, chumba kilekile, daktari yuleyule, lakini kwenye karatasi ziara zikawa mbili. Ya kwanza iliandikwa namba 99396, chekapu ya mtu mzima wa miaka 40 hadi 64 anayejulikana pale, na bima ikailipa yote. Ya pili 99213, ziara ya mgonjwa, ikabandikwa alama ya 25 kuonyesha kwamba ni kazi tofauti iliyofanyika siku hiyohiyo. Didaktibo yangu ni dola 3,000 na sikuwa nimeigusa, kwa hiyo 99213 ikaniangukia nzima.

Nilipiga simu kliniki nikiwa na hasira ya kuonewa. Dada wa malipo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Ulitaja bega?" Nikasema ndiyo. "Basi namba ni sahihi." Na kweli ni sahihi. Hilo ndilo linalouma: hakuna aliyeniibia.

Kwa hiyo narudia. Ukienda chekapu ya bure, nenda na mambo ya chekapu. Ukiulizwa kama kuna kingine, uliza kwanza: "Nikisema, itaandikwa kama ziara nyingine?" Wala hawakasiriki, wamezoea. Kila kipimo kinachoongezwa, uliza: "Hiki kimo kwenye kinga?" Uliza kabla sindano haijaingia. Sisemi ufiche ugonjwa. Kama unatoka damu, kama kifua kinabana, kama umepapasa uvimbe, sema hapohapo na bili ije. Maisha hayangojei didaktibo. Nasema bega la miezi minane lingeweza kusubiri miadi yake yenyewe, baada ya mimi kujua bei.

Mambo mengine ni mepesi. Hakikisha kliniki imo kwenye mtandao wa bima yako, yaani zile zenye mkataba nayo, na usiishie kwa daktari: uliza maabara wanayopeleka damu pia. Ile barua ya bima iliyoandikwa kwamba si bili, isome, usiitupe, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha namba kabla bili haijafika. Bima ikikataa kitu unachoamini ni kinga, una siku 180 za kukata rufaa. Mimi nilikata kwa ile vitamini D, wakanijibu kwa kurasa nne zenye maana moja: hapana.

Wenye miaka 45 hadi 75, kipimo cha saratani ya utumbo mpana kimo kwenye orodha, na hapo kuna shimo lingine. Wakiingiza kamera wakakuta kinyama na kukikata, bado ni kinga, hupaswi kutozwa. Na ukianza na kile cha kinyesi kikatoka vibaya, kamera inayofuata nayo ni kinga, kwa bima zilizoanza mwaka wake tangu Mei 31, 2022. Makarani wengine huandika namba ya ugonjwa kwa mazoea. Rafiki yangu alitumiwa bili ya zaidi ya dola elfu, akapiga simu mbili tu, ikafutwa. Angekuwa mwoga wa simu angelipa.

Kuna vipimo viwili vinavyotuhusu sisi hasa na hatuviombi: homa ya ini B na kifua kikuu kilicholala. Miongozo inataja waliozaliwa nchi zenye maambukizi mengi, na sisi tumo. Vyote vina alama B. Mwambie daktari ulizaliwa wapi. Kwa mara moja lafudhi yako inakuletea kitu bila malipo.

Mtoto asiye na bima, au aliye kwenye Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, asikose chanjo. Tangu 1994 kuna mpango wa fedha za shirikisho unaonunua dawa yenyewe kwa watoto mpaka wafikishe miaka 19. Kliniki inaweza kudai ada ndogo ya kudunga, lakini hairuhusiwi kumrudisha mtoto kwa sababu mzazi hana hiyo ada. Nendeni na kile kitabu cha kliniki cha nyumbani, msikitupe, la sivyo mtoto anaweza kuanzishwa upya. Mtu mzima asiye na bima atafute kituo cha afya cha jamii kinachopata ruzuku ya shirikisho: bei inapangwa kwa kipato, na hawaruhusiwi kukukatalia kwa kukosa uwezo. Sisi tuko Texas, jimbo ambalo halijapanua Medicaid, kwa hiyo vituo hivi ndivyo kimbilio la nusu ya watu ninaoswali nao.

Na sasa kwa wapendwa walioko nyumbani. Mama mdogo, ulinipigia ukasema unakuja kwa viza ya matembezi, umekata bima ya safari, nikupeleke "ukapimwe mwili mzima Marekani". Nakupenda, lakini hapana. Bima ile ni ya kuvunjika mguu uwanja wa ndege na homa ya ghafla. Chekapu haimo, na presha yako ya miaka kumi kwa kawaida haimo pia. Ile sheria ya 2010 hailigusi karatasi ulilonalo. Pima hukohuko, unapajua dirisha la kadi na unamjua nesi, nami nitatuma pesa ya vipimo. Itakuwa ndogo kuliko bili yangu ya bega.

Hata hiyo bure yenyewe ni jina. Kila mshahara unakatwa, mwajiri anaongeza upande wake, bima inatoa humo. Nyumbani tulilalamika kwamba mtu haendi hospitali mpaka azidiwe. Huku wamejenga mfumo unaokubembeleza uje ukiwa mzima, na ukifungua mdomo kusema unaumwa, mita inaanza kuhesabu. Wenzetu hawa ukiwauliza hali wanajibu "nzuri" hata kama wamefunga bandeji. Zamani niliona ni ubaridi. Sasa nahisi wengine waliwahi kutumiwa bili.

Na hiyo orodha nayo haikuchongwa kwenye jiwe. Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 6 dhidi ya 3, iliacha lile jopo la alama liendelee, lakini kwa hoja kwamba waziri wa afya ana mamlaka juu yake: anaweza kuwaondoa wajumbe na kupitia wanayopendekeza. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya miadi, ipigie bima yako uulize upya. Usitegemee barua ya mwaka jana.

Zile 334 walinigawia miezi sita bila riba, nikamaliza. Chekapu iliyofuata daktari alikuwa yuleyule. Akamaliza, akasimama, akashika kitasa, akageuka. "Kuna kingine?" Nikamuuliza kingine kinaandikwa namba gani. Akacheka, akasema ni kweli, itakuwa ziara ya pili. Nikamshukuru, nikachukua shati langu pale kwenye kiti, nikalivaa nikianza na mkono wa kulia, polepole, asije akaona.