Je, dhamiri hutegemea dini? Namna ya kulipima swali hili barazani Tanga

Ukiuliza kavukavu kwenye kijiwe cha kahawa Ngamiani, "Asiye na dini anaweza kuwa mwema?", jibu litatoka hapo hapo, kisha yatafuata mashindano ya aya. Afadhali dini isitajwe kabisa mpaka karibu na mwisho.

Kusanya watu 8 hadi 12, Waislamu na Wakristo, rika mchanganyiko. Kila mmoja apate kalamu na karatasi isiyoandikwa jina. Kura ya mikono haifai: shekhe au mwalimu akishanyoosha wake, vijana humfuata, nawe utakuwa umepima adabu yao kwa wakubwa.

Andaa visa sita, kila kimoja sentensi mbili. Vitatu viwe vya kumdhuru mtu: mchuuzi wa samaki pale Deep Sea anayechezea mizani, mtu aliyewekewa amana akaila, kijana anayempiga mtoto wa jirani kwa kujifurahisha. Vitatu viwe vya ibada: Mwislamu mwenye afya anayekula mchana wa Ramadhani, peke yake chumbani; Msabato anayefungua duka Jumamosi; Mkatoliki anayekula nyama Ijumaa Kuu. Vichanganye, aina moja isifuatane. Uliza "Amefanya vibaya?" Ukisema "dhambi" au "haramu", umeshawapa jibu.

Duru ya kwanza, soma kisa kisha wape nusu dakika waandike ndiyo au hapana. Usiwaongezee muda, maana wataanza kuandika hoja walizozisikia kwenye hotuba, na unachotafuta ni hisia ya kwanza.

Duru ya pili ndiyo yenye uzito. Rudia visa vile vile, uulize: "Tuseme hakuna kitabu wala mtume aliyewahi kulikataza jambo hili. Bado ni vibaya?" Wanasaikolojia Larry Nucci na Elliot Turiel waliwauliza hivyo watoto wa Kikristo na wa Kiyahudi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1993. Wengi walisema wizi ungebaki kuwa vibaya, lakini kazi ya siku takatifu ya mapumziko ingekuwa sawa kama isingekatazwa. Kwa hiyo hesabu wangapi wamebadili jibu, visa vya madhara mbali na vya ibada mbali.

Mambo huharibika ukisogea mbele na kuuliza, "Je, Mungu angeamrisha wizi?" Atatokea wa kusema "Hawezi", na pengine mwingine atainuka aondoke. Usibishane naye. Andika "hawezi" kama jibu la tatu, kwani lina mjadala wake wa karne nyingi. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliuliza kama jema ni jema kwa kuwa miungu hulipenda, au hulipenda kwa kuwa ni jema. Muutazila, wanatheolojia wa Kiislamu wa zamani, walishikilia kwamba akili hutambua uzuri na ubaya wa matendo. Wapinzani wao Ashaari, ambao itikadi yao ndiyo iliyozoeleka kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii wa pwani yetu, wakasema amri ya Mungu ndiyo inayoamua. Na anayeona dini yake inashambuliwa, mkumbushe Surat Ash-Shams aya ya 8, isemayo nafsi imefahamishwa uovu wake na wema wake, au Warumi 2:15 panaposemwa sheria imeandikwa mioyoni. Mwumini anaweza kukubali kwamba hisia haikungoja katazo, na bado akasema imewekwa na Mungu.

Wapo waliolinganisha wenye dini na wasio nayo. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Marc Hauser na mwanafalsafa Peter Singer waliandika kwamba majibu ya makundi hayo kwenye visa vya maadili hayakutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika. Barazani Tanga kundi la pili hulipati, na hata likiwepo halitajitaja. Isitoshe, asiyeamini naye kalelewa katika jamii iliyojengwa na dini, hivyo ulinganisho huo hautenganishi vizuri dhamiri na dini. Kuondoa katazo ndani ya kichwa cha mtu yule yule, kama kwenye duru ya pili, kunatenganisha zaidi, ingawa si wote huweza kulidhania hilo kikamilifu.

"Kwa nini?" iulizwe mwisho, karatasi zikishakusanywa. Sikiliza hasa kisa cha Ramadhani: atakayesema mlaji "amevunja ahadi yake" amekitoa kwenye ibada, akakiingiza kwenye uaminifu. Jibu hilo liandike pembeni, usilihesabu na ya ibada.

Karatasi kumi hazitoshi kuisemea Tanga. Rudia kwenye baraza jingine, na kwa wanawake ambao kijiweni hawakai, ukibadili mpangilio wa visa: kisa cha mtoto anayepigwa kikitangulia, chaweza kufanya vyote vinavyofuata vionekane vidogo.